Mizani, Daftari na Kuku wa Wiki Sita

Mitaani bado husemwa kwamba kuku wa nyama huchomwa sindano ya kumnenepesha, ndiyo maana huingia sufuriani wakati mwenzake wa kienyeji bado anamfuata mama yake. Maneno hayo yamezoeleka kiasi kwamba hata mwenye banda dogo uani, akitaka kuku anayekua upesi, huulizia dawa dukani kabla ya kuwatazama wazazi wa kuku alionao. Ukiifuata historia ya ndege huyu utakuta mambo mengine kabisa: mizani, daftari na watu wenye subira ya kuchagua. Na kama hivyo ndivyo, kitu ambacho mfugaji wa uani anaweza kukichukua kutoka kiwandani ni namna ya kuchagua wazazi. Kuku mwenyewe, kama tutakavyoona, hachukuliki.

Mwaka 1923, katika kijiji cha Ocean View jimboni Delaware, Marekani, Cecile Steele aliagiza vifaranga 50 wa mayai akaletewa 500. Hakuwarudisha. Aliwalea katika kibanda cha futi 16 kwa 16, na baada ya wiki 18 akawauza 387 waliobaki, kila mmoja akiwa na uzito wa ratili 2 hivi, yaani hata kilo moja haikutimia. Bei ilikuwa senti 62 kwa ratili, na kufikia 1926 alikuwa na nyumba ya kuku 10,000. Habari hii husimuliwa kama mwanzo wa kuku wa nyama, lakini tuangalie kilichobadilika. Kabla ya hapo nyama ya kuku ilikuwa masalia ya biashara ya mayai: majogoo wasiotakiwa na mitetea waliokoma kutaga. Steele alibadilisha biashara. Kuku wake walikuwa wale wale wa kawaida, na wiki 18 kwa ratili 2 ni mwendo ambao kuku chotara wa leo anauacha mbali.

Kilichombadilisha kuku mwenyewe kilianza 1946, pale kampuni ya maduka ya A&P iliposhirikiana na Wizara ya Kilimo ya Marekani kuandaa shindano la Kuku wa Kesho. Waamuzi walitengenezewa hata sanamu ya nta ya kuku mwenye kifua kipana waliyemtamani. Fainali ya 1948 ilifanyika Delaware, na ufundi wake ndio wa kutazamwa: kila mfugaji alileta mayai 720, yakaanguliwa mahali pamoja, vifaranga wakalishwa chakula kimoja kwa zaidi kidogo ya wiki 12, kisha wakachinjwa na kupimwa. Hakuna aliyeweza kujitetea kwa banda zuri au pumba nzuri. Mshindi, Charles Vantress wa California, alileta mchanganyiko wa kuku wa aina ya Cornish na New Hampshire. Upande wa kuku wasiochanganywa walishinda Plymouth Rock weupe wa Arbor Acres, shamba la familia ya Saglio huko Connecticut. Cornish naye ana kisa chake. Alitokana na kuku wa kupigana kutoka Asia, akazalishwa Uingereza kwa ajili ya ulingo, akashindwa huko kwa uzito wake, ila kifua kikabaki. Wapwani wanaomjua Kuchi, jogoo mrefu wa mapigano, hawatashangaa kwamba nyama nyingi hufuata damu ya ulingoni.

Mtu atasema: yote hayo ni sawa, lakini sindano zilikuwepo. Ni kweli, na huenda uvumi wetu una mzizi. Kuanzia 1947 wafugaji wa Marekani waliruhusiwa kupachika kidonge cha homoni shingoni mwa jogoo, na 1959 jambo hilo likapigwa marufuku kwa kuku. Ila ukuaji mkubwa zaidi ulikuja baada ya marufuku. Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, kiliwalea pamoja, kwa chakula kile kile, kuku wa ukoo uliohifadhiwa tangu 1957, wa 1978 na wa 2005. Siku ya 56 wa kwanza alikuwa na gramu 905, wa pili 1,808, wa tatu 4,202. Chakula kimoja, umri mmoja. Tofauti ilikuwa wazazi.

Basi si tubakize jogoo mmoja wa broila tumzalishe? Hapa ndipo wengi hupoteza hela. Mtetea mzito hutaga kidogo, kwa hiyo makampuni hufuga koo mbali mbali: upande wa baba huchaguliwa kwa kifua na ukuaji, upande wa mama kwa ukuaji pamoja na mayai. Broila ni mtoto wa mwisho wa koo hizo, na ukimpandisha kwa nduguye, vifaranga hutoka kila mmoja na umbo lake. Tena wazazi wa broila hulishwa kwa kipimo na hushinda na njaa, maana wakila hadi washibe hunenepa, miguu ikawashinda, mayai yakapungua. Ni vigumu kumlea ndege wa namna hiyo kwa makombo na majani ya uani.

Namna ya kuchagua, hata hivyo, inahamishika. Vifaranga wa tarehe moja, pete ya rangi mguuni, mizani wiki ya nane, wazito wabaki, wepesi wauzwe. Mitetea wachaguliwe kwa mayai, jogoo kwa uzito, na jogoo abadilishwe na jirani asije akapanda binti zake. Kuna watakaosema kwamba kuku wetu wamefugwa karne nyingi bila kukua, kwa hiyo damu yao haina kitu. Nadhani wanamlaumu asiyehusika. Mdondo ukipita kijijini huondoka na jogoo mzito na mwepesi pamoja, na mfugaji aliyebaki na kuku watatu hana wa kuchagua. Anazalisha yeyote aliyepona. Kabla ya mizani, basi, inatangulia chanjo ya mdondo iitwayo I-2: tone moja jichoni, na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne.