Jinzi Chini ya Kanzu: Vijana wa Nairobi Tangu Enzi za Mini

Ndugu msomaji, usiku mmoja wa Ramadhani hii simama kidogo nje ya Msikiti wa Jamia baada ya tarawehe, uwatazame vijana wakitoka kukimbilia matatu za Westlands, Kangemi na Kawangware. Kanzu juu, na chini yake jinzi inachungulia. Hakuna mzee anayegeuka kuangalia mara mbili. Lakini jinzi hiyo hiyo ilikuwa nguo ya wachimba migodi na vibarua wa Marekani, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia vijana wa kule wakaivaa makusudi ili wazazi wao waudhike. Shule zao nyingine ziliipiga marufuku. Leo tunaswali nayo. Swali langu ni hili: nguo zilibadilika, sawa, lakini je, mambo mengine yalibadilika kwa kasi hiyo hiyo?

Kisa chenyewe mnakijua kwa juu juu. Baada ya 1945 vijana wa Ulaya na Marekani walipata pesa mfukoni, redio na sahani za santuri, wakaanza kuwa na muziki wao, nywele zao na hasira zao. Katikati ya miaka ya 1960 London ikaleta sketi fupi, mini. Mwaka 1968 wanafunzi wa Paris wakajaa barabarani. Kwetu wazee wanasema yote hayo tuliyapata kwa kuiga tu. Mimi nasema si kweli yote.

Kumbuka Nairobi ilivyokuwa. Wakati wa Hali ya Hatari, 1952 hadi 1960, Mwafrika hakutembea katikati ya jiji kama anavyotaka; alidaiwa vibali. Sasa mchukue kijana wa mwaka 1965, na nywele zake za afro, anatembea jioni Kenyatta Avenue, barabara iliyokuwa ikiitwa jina la Lord Delamere. Kutembea pale tu, wallahi, kulikuwa ni jambo jipya. Na muziki haukuwa unakuja upande mmoja. Wasanii wa studio ya Equator Sound hapa Nairobi, akina Fadhili William na Daudi Kabaka, walikuwa na twist yao ya Kiafrika. Wimbo wa Kabaka, Helule Helule, ulichukuliwa na kundi la Kiingereza, The Tremeloes, na mwaka 1968 ukaingia katika nyimbo ishirini bora za Uingereza. Nani aliiga nani hapo?

Kule Milimani, ukipanda kuelekea magharibi kutoka mjini, palikuwa na klabu ya Starlight, mahali pa wakubwa na wasomi wa siku zile. Leo hapo pamesimama Integrity Centre, makao ya tume ya kupambana na ufisadi. Mwenye kutaka kucheka na acheke.

Kitu kimoja hunikera tukizungumzia miaka ile misikitini kwetu: tunataja sketi tu. Kana kwamba vijana wa dunia nzima waliamka siku moja kukata nguo. Oktoba 1964 Malcolm X alikuwa hapa Nairobi, miezi michache tu baada ya kuhiji. Muhammad Ali alikataa kwenda vita vya Vietnam Aprili 1967, akavuliwa ubingwa, akahukumiwa miaka mitano, mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoifuta hukumu hiyo 1971. Alikuja Nairobi Februari 1980, ametumwa na serikali ile ile iliyotaka kumfunga, kuishawishi Kenya isiende Olimpiki ya Moscow. Hawa nao ni watu wa zama hizo, tena ndugu zetu katika imani. Kusema hapana mbele ya wenye nguvu kulikuwa sehemu ya mambo yale, na sehemu hiyo hatuwasimulii watoto.

Haya, turudi kwenye sketi, maana majirani zetu waliifanya jambo la serikali. Tanzania, Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia Januari 1, 1969, mini, wigi na suruali za kubana ni marufuku. Hata kabla ya siku kufika wasichana walishambuliwa mitaani Kariakoo. Uganda, Idi Amin akatoa amri yake 1972. Malawi wakapitisha sheria 1973. Kenya? Walipiga kelele, magazeti yakajaa barua za kulaumu, lakini marufuku haikuja. Nairobi ilikuwa mji wa biashara na watalii, na sketi ilikuwa inauzwa. Uasi ukawekwa dirishani mwa duka, pamoja na suruali za bugaluu na viatu vya visigino virefu.

Sasa hapa ndipo penye uzito. Mwaka 1959 serikali ya kikoloni ilikuwa imepitisha sheria iliyompa mama asiyeolewa haki ya kumshtaki baba wa mtoto alipe matunzo, Affiliation Act. Juni 1969 Bunge likaifuta. Hoja ilikuwa kwamba wasichana wa mjini wanaifanya mtego wa kuwachuna wanaume. Mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge, Grace Onyango wa Kisumu, aliingia mwisho wa mwaka huo huo. Kura ilikuwa imeshapita. Tazama vizuri mwaka: ni ule ule ambao Dar es Salaam walikuwa wanakimbizana na sketi. Dar walimshika msichana kwa nguo. Nairobi ikamwachia nguo, ikamshika kwa chakula cha mtoto wake. Ilichukua mpaka Katiba ya 2010, kifungu cha 53, kuandikwa kwamba baba na mama wana jukumu sawa kwa mtoto, wameoana au hawakuoana. Miaka 41! Na asije mtu akasema hilo halituhusu kwa kuwa zinaa ni haramu. Haramu ni haramu, lakini mtoto hakutenda kosa lolote.

Utamaduni wenyewe ukazidi kwenda. Mwaka 1973 lilianza jarida la Joe, la Hilary Ng'weno na Terry Hirst, likimcheka mtu wa kawaida wa Nairobi na mabwana zake. David Maillu akauza vitabu vyake vya ulevi na mapenzi ya ofisini kama njugu, Tanzania wakavipiga marufuku. Lugha nayo ikagawanyika: Eastlands ikawa na Sheng, na watoto wa Westlands na Lavington wakawa na Engsh yao inayoegemea Kiingereza. Profesa Mohamed Abdulaziz na Ken Osinde waliziandikia zote mbili mwaka 1997, kwa hiyo si maneno ya vijiweni tu.

Na matatu, je? Jina lake latokana na senti thelathini, mapeni matatu, nauli ya zamani. Mwaka 1973 Mzee Kenyatta aliziruhusu zibebe abiria bila leseni ya uchukuzi, na kuanzia hapo muziki na michoro ya vijana ikapata magurudumu. Februari 2004 sheria za waziri Michuki zikaleta mikanda, vidhibiti mwendo na mstari wa njano, michoro ikafutwa. Mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta akairudisha. Serikali moja inafuta, nyingine inasifu ajira za vijana.

Lakini mwaka huo huo wa 2014, mwezi Novemba, kwenye kituo kimoja cha matatu katikati ya jiji, wanaume walimvua mwanamke nguo hadharani, eti kavaa vibaya. Wengine wakarekodi kwa simu. Novemba 17 mamia ya watu wakaandamana kutoka Uhuru Park wakisema nguo yangu ni hiari yangu. Kuna ndugu walionieleza kwamba maandamano yale yalikuwa ya kutetea uchi. Siwaungi mkono. Sisi ambao dada zetu wamepelekwa mbio mahakamani kwa ajili ya hijabu shuleni, Mahakama ya Rufani ikawakubalia 2016, Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo Januari 2019, tungekuwa wa kwanza kuelewa. Mkono unaovuta sketi ya mmoja hauna sababu ya kuheshimu mtandio wa mwingine. Stara hailetwi kwa kumvua mtu.

Desemba 2014 sheria ikabadilishwa: anayemvua mtu nguo kwa nguvu anakabiliwa na kifungo kisichopungua miaka kumi. Na waliokuwa wakivuta na kushangilia pale kituoni hawakuwa wale wazee waliokuwa wakiandikia magazeti miaka ya sitini. Walikuwa vijana.