UZI: Mdororo Mkuu wa Marekani, na lile swali la "asiye na kazi alaumiwe nani?"

1/ Mjadala wowote wa uchumi hapa kwetu ukikolea, hakosi mmoja wa kusema: "Hata Marekani iliwahi kuanguka. Watu wakakaza mshipi, wakainuka. Hakuna aliyengoja serikali." Mwingine anamrukia: "Wee! Serikali ndiyo iliwaokoa." Wote wawili wanaruka maisha ya watu wenyewe, na jibu liko huko. Tuanze. Sheria ya uzi ni ileile: hakuna jina la mwanasiasa wala chama, wa hapa ama wa kule.

2/ Soko la hisa la New York lilianguka Oktoba 1929. Lakini Wamarekani wengi hawakuwa na hisa hata moja. Kilichowafikia nyumbani ni kilichofuata: viwanda vilipunguza zamu, kisha mishahara, kisha watu. Kufikia 1933, karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne hakuwa na kazi. Na wengi waliobaki kazini waliitwa siku mbili tatu kwa wiki, kama kibarua wa mjengo anayengoja kuchaguliwa getini.

3/ Halafu benki. Kati ya 1930 na 1933 zilianguka karibu 9,000. Hakukuwa na bima ya amana ya taifa. Fununu ikitoka kwamba benki fulani inayumba, watu walikimbia kupanga foleni kutoa pesa zao, na foleni hiyo yenyewe ikaimaliza benki. Waliochelewa walikuta mlango umefungwa. Wengine walirudishiwa sehemu tu ya pesa zao baada ya muda mrefu. Kwa hivyo ukisikia "wangeweka akiba", kumbuka huyu mzee. Aliweka, na akiba ndiyo iliyopotea.

4/ Maisha ya kila siku yalikuwaje? Foleni za mkate na supu mijini. Wanaume waliozoea kwenda ofisini na suti wakauza matofaa kwa senti 5 kwenye kona za New York. Kadibodi ilikatwa ikawekwa ndani ya kiatu kilichotoboka. Akina mama walishona nguo za watoto kwa magunia ya unga, hadi kampuni za unga zikaanza kuchapa maua kwenye magunia. Waliofukuzwa na wenye nyumba walijenga vibanda vya mbao, mabati na maboksi, hata ndani ya Central Park. Mitaa hiyo ya vibanda wakaipa jina la rais aliyekuwa madarakani. Wananchi wakikasirika huwa hawakosi ubunifu.

5/ Hapa ndipo panauma zaidi: chakula kilikuwepo. Bei ya mahindi ilishuka hadi wakulima wengine wa Iowa wakayachoma jikoni badala ya makaa ya mawe. Mwaka 1933 serikali ilinunua nguruwe kama milioni 6 na kuwachinja ili bei ipande. Sehemu ya nyama waligawiwa maskini, lakini nguruwe wengi wadogo waliishia kuwa mbolea. Mjini watu wanapanga foleni ya supu, shambani mkulima anafilisika kwa kuvuna kupita kiasi. Mfugaji wetu aliyewahi kumwaga maziwa kwa kukosa soko hahitaji kuelezwa. Unaweza kulala njaa kando ya ghala lililojaa kama mfuko ni mtupu.

6/ Na msaada? Miaka ya mwanzo uliachiwa makanisa, mashirika ya hisani na serikali za mitaa, ambazo zenyewe zilikuwa zinaishiwa. Ili usaidiwe ulipaswa kuthibitisha kwamba umefukara kabisa. Afisa anakuja kwako, anaangalia kabati, anauliza kama huna ndugu wa kukulisha. Wengi waliuza hadi kitanda kwanza kuliko kuomba. Na kuna majimbo ambayo sheria zake zilimruhusu afisa kumnyima kura mtu anayelishwa na serikali. Unapewa unga, unanyang'anywa sauti.

7/ Kazi zikipungua, watu huanza kuulizana nani si mwenzetu. Sheria ya 1932 ilisema kama mume na mke wote wameajiriwa na serikali ya taifa, wakati wa kupunguza wafanyakazi mmoja wao atangulie kutoka. Waliotoka wengi walikuwa wake. Wafanyakazi weusi walikuwa wa mwisho kuajiriwa na wa kwanza kufutwa. Watu wenye asili ya Mexico walisukumwa kuvuka mpaka kwa mamia ya maelfu, wakiwemo watoto waliozaliwa Marekani, raia kabisa.

8/ Lakini watu hawakukaa kimya. Benki ikipeleka shamba la mtu kwenye mnada, majirani wanafika mapema wamejaa uwanja. Dalali anauza ng'ombe, mmoja anataja senti chache, wengine kimya. Mgeni akijaribu kupandisha bei, anatazamwa vibaya hadi anameza mate. Mahali pengine walitundika kitanzi ghalani ili ujumbe ufike. Mwisho wa siku mali yote imenunuliwa kwa dola chache na kurudishiwa mwenyewe. Haikuwa halali wala haikuwa ya upole. Lakini majimbo kadhaa yalipitisha sheria za kusimamisha unadishaji wa mashamba kwa muda.

9/ Walimu wa Chicago walikaa miezi bila mshahara, na mara nyingine walilipwa kwa karatasi za ahadi ambazo maduka yalizipokea kwa shingo upande. Waliendelea kufundisha. Aprili 1933 uvumilivu ukaisha, wakaandamana na kuingia kwenye benki kubwa za mji kudai jiji likopeshwe pesa za kuwalipa.

10/ Kabla ya hapo, 1932, maelfu ya wanajeshi waliopigana Vita vya Kwanza vya Dunia walienda Washington, wengine na wake na watoto. Sheria ya 1924 iliwaahidi malipo, ila yaje 1945. Walisema: tuna njaa sasa. Julai 28, jeshi lilitumwa kuwaondoa kwa farasi, vifaru na gesi ya kutoa machozi, na kambi yao ikateketea. Novemba, rais akashindwa kwa kishindo.

11/ Serikali mpya iliingia Machi 1933. Ilifunga benki zote kwa siku kadhaa ili zikaguliwe. Januari 1934 bima ya amana ikaanza, kwa kiwango cha dola 2,500. Vijana wa kiume kutoka familia zenye shida walipelekwa kambini kupanda miti na kujenga barabara za mbuga, kwa dola 30 kwa mwezi, na karibu 25 kati ya hizo zikitumwa moja kwa moja nyumbani. Kuanzia 1935, mpango mwingine wa kazi za umma uliajiri watu kama milioni 8.5 katika miaka yake minane.

12/ Msishangilie bado. Sheria ya pensheni ya 1935 iliwaacha nje wafanyakazi wa mashambani na wa nyumbani. Haikutaja rangi popote, lakini kusini mwa nchi hizo ndizo kazi walizofanya watu weusi wengi. Kisha 1937 serikali ikapunguza matumizi, benki kuu ikabana mikopo, na uchumi ukateleza tena. Ukosefu wa kazi uliisha hasa wakati wa vita.

13/ Tuwajibu wale wawili wa mwanzo. Wa "kukaza mshipi": watu waliukaza miaka mitatu na zaidi na hali ikazidi kuharibika, kwa sababu mshipi wangu nikiukaza, biashara yako inakosa mteja. Wa "serikali iliwaokoa": serikali ilisukumwa na foleni, minada, walimu na kura, na hata ilipokuja ilichagua wa kumwacha nje.

14/ Leo Mkenya mwenye akaunti ya benki analindwa na bima ya amana hadi Sh500,000 benki ikianguka. Wazo hilo lilipata nguvu kutokana na ile milango iliyofungwa. Kwa hivyo mtu akikuletea mfano wa Marekani kwenye mjadala, usimuulize tu kama msaada ulikuja. Muulize ulikuja baada ya nani kupiga kelele, na ni kazi gani ziliachwa nje kwenye kifungu cha sheria. Halafu chukua mswada wowote ulio mezani kwetu sasa, umuulize maswali hayohayo.

Mwenye swali aweke hapo chini. Matusi hapana. Sambaza kama umepata kitu.