Juu ya nini kromu ya pikipiki inabanduka?

Wamotari wa Goma wanaijua hali hii: bomba la moshi au rimu inanunuliwa iking'aa, msimu mmoja wa mvua unapita, ngozi yake inapasuka, inajikunja na kubanduka kama ganda la kitunguu. Wengi wanatupia lawama mvua ya Nyiragongo. Ni kweli, moshi wa volkano uko na gesi ya salfa, na mvua yake ya tindikali inakula hata mabati. Lakini mara nyingi kipande kinatoka kiwandani na ugonjwa wake tayari.

Kile kinachong'aa ni tabaka mbili. Chini kuna nikeli, kwa kawaida mikroni 10 hadi 30. Juu kuna kromu isiyofika hata mikroni moja. Mikroni ni sehemu ya elfu moja ya milimita. Chuma kinazamishwa katika maji yenye chumvi za madini, umeme unapitishwa, na madini yanajibandika. Yakijibandika haraka au katika maji machafu, hayatulii: tabaka linataka kujikaza, na chuma cha chini kinalizuia. Huo ndio mkazo wa ndani. Mwaka 1909 mhandisi George Gerald Stoney alipaka nikeli upande mmoja wa kipande chembamba cha chuma cha pua, kipande kikapinda chenyewe. Mpaka leo viwanda vinapima hivyo: kadiri kinavyopinda, ndivyo mkazo ulivyo mkubwa.

Dawa yake inashangaza kidogo. Ni sakarini, ile sukari ya kutengenezwa maabarani ambayo wagonjwa wa kisukari wanatia katika chai. Kiasi kidogo katika maji ya nikeli kinalegeza mkazo. Ikizidi, salfa yake inaingia katika nikeli na kuifanya ivunjike ovyo. Fundi mzuri anachunga pia joto, nguvu ya umeme na usafi wa maji, na kazi hiyo inachukua muda. Kiwanda cha bei ya chini kinaongeza umeme ili kimalize upesi.

Kromu yenyewe nayo inapasuka kwa urahisi. Kwa hiyo viwanda vingine vinaipasua kwa makusudi, nyufa nyingi ndogo sana zisizoonekana kwa macho, ili kutu isambae badala ya kuchimba shimo moja.

Mununuzi achunguze kwanza kona na kingo. Umeme unajaa pale, tabaka linakuwa nene, na kubanduka kunaanzia hapo.

Jambo la hatari zaidi ni boluti ngumu na springi. Tindikali ya kusafishia na umeme wa kupakia vinaingiza haidrojeni ndani ya chuma, na chuma kigumu kinaweza kukatika ghafla bila kupinda. Viwanda vinavichoma saa kadhaa kwenye nyuzi karibu 200 mara tu baada ya kupaka. Boluti ya ekseli iliyorudishiwa kung'aa bila kuchomwa hivyo isifungwe kwenye moto inayobeba watu.