Kutoka Athens hadi Kasarani: Historia ya Mashindano ya Dunia ya Riadha ya Vijana

Mashindano ya Dunia ya Riadha kwa vijana wa chini ya umri wa miaka 20 hufanyika kila baada ya miaka miwili, na ndiyo makubwa kuliko mengine yote ya chipukizi katika mchezo huo. Anayeruhusiwa kushiriki ni yule ambaye, kufikia tarehe 31 Desemba ya mwaka wa mashindano, atakuwa na umri wa miaka 16 hadi 19. Hakuna nchi inayoruhusiwa kuwa na zaidi ya wanariadha wawili katika mchezo mmoja, iwe kubwa au ndogo. Kwa sababu hiyo mataifa yenye vipaji tele, kama Kenya na Ethiopia katika mbio ndefu, huwaacha nyumbani vijana ambao wangeweza kurudi na medali, huku kijana wa nchi ndogo akipata nafasi ya kufika fainali.

Kwa muda mrefu nafasi hiyo haikuwapo. Shirikisho la Kimataifa la Riadha, IAAF, lilianzishwa mwaka 1912, lakini kwa zaidi ya miaka sabini halikuwa na mashindano ya dunia ya vijana. Ulaya ilianza kuwa na mashindano rasmi ya bara lake mwaka 1970 jijini Paris. Kijana wa Afrika aliyetaka kupimana nguvu na ulimwengu alilazimika kukabiliana moja kwa moja na watu wazima. Ndivyo ilivyokuwa kwa Filbert Bayi wa Tanzania. Alishiriki Olimpiki ya Munich mwaka 1972 akiwa na umri wa miaka 19, akamshinda Kipchoge Keino katika mita 1,500 kwenye Michezo ya Afrika ya Lagos mwaka uliofuata, kisha Februari 1974 akaweka rekodi ya dunia mjini Christchurch kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Vipaji vya namna hiyo vilikuwapo, ila havikuwa na uwanja wao.

Mabadiliko yalikuja chini ya Primo Nebiolo, Mwitalia aliyechaguliwa kuongoza IAAF mwaka 1981. Mashindano ya kwanza ya dunia kwa watu wazima yalifanyika Helsinki mwaka 1983. Miaka mitatu baadaye, Julai 1986, vijana nao walikusanyika Athens, Ugiriki, wakitoka katika nchi zaidi ya 100. Javier Sotomayor wa Cuba alishinda kuruka juu kwa mita 2.25, na mwaka 1993 akaruka mita 2.45, rekodi ambayo haijavunjwa hadi leo. Colin Jackson wa Uingereza alitwaa mita 110 kuruka viunzi. Kenya ilijitokeza tangu siku hizo za mwanzo: Peter Chumba alishinda mita 5,000 na mita 10,000, naye Wilfred Kirochi akachukua mita 1,500. Kirochi alitetea taji lake mjini Sudbury, Kanada, mwaka 1988, na mwaka 1991 akapata medali ya fedha katika mashindano ya dunia ya watu wazima jijini Tokyo. Huko Plovdiv, Bulgaria, mwaka 1990, Richard Chelimo alishinda mita 10,000. Miaka mitatu baadaye akawa mshika rekodi ya dunia ya mbio hizo, ingawa kwa siku chache tu kabla Yobes Ondieki hajaivunja.

Mashindano ya Seoul mwaka 1992 yaliacha simulizi inayokumbukwa hadi leo. Katika mita 10,000, Josphat Machuka wa Kenya na Haile Gebrselassie wa Ethiopia waliwaacha wenzao na kubaki wawili. Haile alikimbia karibu mno nyuma ya Machuka, na Mkenya huyo akakasirika. Mbio zilipokaribia mwisho, Machuka aligeuka akampiga mpinzani wake. Haile hakuanguka; alichomoka akashinda, naye Machuka akanyang'anywa nafasi yake. Haile alishinda pia mita 5,000, na ndipo dunia ilipoanza kumfahamu. Katika mashindano hayohayo Venuste Niyongabo wa Burundi alipata medali ya fedha ya mita 1,500. Mwaka 1996 alishinda mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Atlanta, dhahabu ya kwanza ya nchi yake.

Mjini Lisbon mwaka 1994 ilikuwa zamu ya Daniel Komen wa Kenya kushinda mita 5,000 na mita 10,000 kwa pamoja. Miaka miwili baadaye alikimbia mita 3,000 kwa dakika 7 na sekunde 20.67, na rekodi hiyo ya dunia ilidumu miaka 28. Aliyeivunja mwaka 2024 ni Jakob Ingebrigtsen wa Norway, ambaye naye alipitia mashindano haya ya vijana. Mjini Tampere, Ufini, mwaka 2018, Ingebrigtsen alishindwa na George Manangoi katika mita 1,500 na Edward Zakayo katika mita 5,000, wote Wakenya.

Wasichana walikuwamo tangu Athens, lakini orodha ya michezo yao ilipanuka polepole. Kuruka kwa upondo kwa wasichana kuliingia Annecy, Ufaransa, mwaka 1998. Yelena Isinbayeva wa Urusi alishika nafasi ya tisa mwaka huo, akarudi Santiago, Chile, mwaka 2000 na kushinda, kabla ya kuwa bingwa wa Olimpiki mara mbili. Mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwa wasichana ziliongezwa Grosseto, Italia, mwaka 2004, na mshindi wa kwanza akawa Gladys Kipkemoi wa Kenya. Faith Kipyegon alishinda mita 1,500 mjini Barcelona mwaka 2012, kisha akatwaa dhahabu tatu mfululizo za Olimpiki katika mbio hizo. Beatrice Chebet, bingwa wa mita 5,000 wa Tampere, ndiye mwanamke wa kwanza kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 29 na mita 5,000 chini ya dakika 14.

Hata hivyo, aliyeyapa mashindano haya umaarufu mkubwa zaidi ni mvulana wa Jamaika. Mwaka 2002 mashindano yalifanyika Kingston, na wenyeji waliujaza uwanja wa taifa kumshangilia Usain Bolt, aliyekuwa na umri wa miaka 15. Alizaliwa Agosti 1986, mwezi mmoja baada ya mashindano ya Athens. Bolt amesimulia baadaye kuwa siku hiyo alitetemeka kwa hofu hata akavaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto. Alishinda mita 200 kwa sekunde 20.61, akawa bingwa wa dunia wa vijana mwenye umri mdogo kuliko wanaume wote waliomtangulia. Miaka minne baadaye, jijini Beijing, David Rudisha wa Kenya alishinda mita 800. Bolt na Rudisha wote wawili waliishia kushika rekodi za dunia.

Uganda nayo ilijijengea jina kupitia vijana wake. Dorcus Inzikuru alipata fedha ya mita 5,000 mjini Santiago, na mwaka 2005 akawa bingwa wa dunia wa kuruka viunzi na maji. Boniface Kiprop alishinda mita 10,000 mwaka 2004. Miaka kumi baadaye Joshua Cheptegei alirudia ushindi huo mjini Eugene, Marekani, kabla ya kuvunja rekodi za dunia za mita 5,000 na 10,000 mwaka 2020.

Mwishoni mwa 2015 jina la mashindano lilibadilishwa ili litaje wazi umri wa chini ya miaka 20. Kwa wakati huo kulikuwa pia na mashindano ya dunia ya walio chini ya miaka 18, yaliyoanza mwaka 1999. Hayo yalifanyika kwa mara ya mwisho Nairobi mwaka 2017, katika uwanja wa Kasarani uliofurika mashabiki. Mapokezi hayo yaliisaidia Kenya kupewa mashindano ya vijana wa chini ya miaka 20, yaliyopangwa kufanyika 2020. Janga la Uviko-19 liliyasogeza hadi Agosti 2021. Marekani, Uingereza na Australia hazikuleta timu, lakini makala hayo ya 18 yalifanyika, na kwa mara ya kwanza yakawa kwenye ardhi ya Afrika.

Kenya iliongoza kwa medali 16, nane zikiwa za dhahabu. Emmanuel Wanyonyi, mwenye umri wa miaka 17, alishinda mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 43.76, rekodi mpya ya mashindano. Heristone Wanyonyi alishinda mita 10,000 za kutembea, mchezo ambao Kenya haikuzoea kutamba. Waafrika waling'ara hata katika mbio fupi: Letsile Tebogo wa Botswana alichukua mita 100, Udodi Onwuzurike wa Nigeria mita 200, na Christine Mboma wa Namibia mita 200 za wasichana. Mwaka 2022 mjini Cali, Kolombia, Tebogo alitetea taji lake kwa sekunde 9.91, rekodi ya dunia ya vijana. Kwenye Olimpiki ya Paris ya 2024, Tebogo alitwaa dhahabu ya mita 200 na Emmanuel Wanyonyi akatwaa ya mita 800. Mwezi huohuo wa Agosti vijana walikutana Lima, Peru, ambako Edmund Serem wa Kenya alishinda mbio za kuruka viunzi na maji, taji ambalo kaka yake Amos alilitwaa Kasarani.

Majina hayo makubwa yasifiche ukweli kwamba wengi waliopanda jukwaa la vijana hawakufika mbali walipokua. Wengine huumia kwa kushindanishwa mno wakiwa wadogo, wengine hukosa makocha na msaada baada ya kumaliza shule. Udanganyifu wa umri nao humnyima nafasi kijana halali na kumvika taji asiyestahili. Vyama vya riadha vya Afrika Mashariki vina wajibu wa kuhakiki umri wa kila mchezaji, kuwapumzisha chipukizi kati ya msimu na msimu, na kuwafuatilia miaka mitano ya kwanza baada ya kuvuka umri wa ujana. Medali ya vijana ni mwanzo wa kazi, na nchi inayoijali kazi hiyo ndiyo itakayovuna kwenye Olimpiki.