Mayai ya Samaki Yaliyovuka Mpaka na Wakimbizi

Vijana wenzangu, leo tuongee historia kidogo. Wengi wetu tumeshakula samaki mwenye mayai tumboni, na nyumbani watoto hugombania kile kipande. Sasa kuna mayai ya samaki ambayo kopo moja dogo linauzwa bei ya kutisha. Yanaitwa kaviari. Watu wanafikiri ni chakula cha matajiri tangu zamani, lakini haikuwa hivyo.

Kaviari ni mayai ya stajeni, samaki mkubwa mwenye safu za mifupa migumu mgongoni na ubavuni. Stajeni wanaojulikana zaidi ni wa Bahari ya Kaspi, kati ya Urusi na Irani. Mkubwa kupita wote anaitwa beluga. Anaweza kupita kilo 1,000 na kuishi miaka 100. Marekani nako, karne ya 19, stajeni walijaa mto Delaware, hadi baa zingine ziligawa kaviari bure. Ile chumvi ilileta kiu, wateja wakanunua pombe zaidi. Kufikia mwanzo wa karne ya 20, samaki wa mto ule walikuwa karibu wamekwisha.

Sasa sikilizeni hii. Baada ya mapinduzi ya Urusi ya 1917, watu wengi walikimbilia Paris. Kati yao walikuwa ndugu wawili Waarmenia, Melkoum na Mouchegh Petrossian. Waliona kwamba chakula walichokijua vizuri, Wafaransa wengi hawakijui. Mwaka 1920 wakafungua duka, wakapatana na serikali mpya ya Kisovieti iwe inawauzia kaviari. Biashara ile ipo hadi leo. Kumbe mtu akikimbia, hata ujuzi wa chakula cha kwao unaweza kumfungulia mlango wa kazi.

Lakini samaki mwenyewe hakuwa na bahati hiyo. Stajeni huishi baharini, halafu hupanda mtoni kutaga. Mayai yake yananata kwenye mawe, mahali ambapo maji yanapita kwa kasi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 bwawa la umeme lilijengwa Volgograd, kwenye mto Volga, na beluga wakafungiwa njia ya kufika karibu sehemu zao zote za kutagia. Mwaka 1991 Umoja wa Kisovieti ukavunjika, ulinzi ukalegea, wavuvi haramu wakajaa.

Shida ni kwamba jike la beluga linaweza kumaliza miaka 15 au zaidi kabla ya kutaga mara ya kwanza. Na kwa kawaida, ili upate mayai, unaua jike lenyewe. Kwa hiyo unakula mama na watoto wake siku moja, na wa kujaza nafasi yake atachukua miaka 15 kukua. Tangu 1998 biashara ya stajeni wote inasimamiwa na mkataba wa kimataifa. Leo kaviari nyingi inatoka kwa samaki wa kufugwa, China ikiwa mbele.

Kwa nini nawaambia haya? Kwa sababu mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Njaa ya miezi mitatu si mchezo kwa familia inayotegemea wavu, na anayefunga ziwa inabidi afikirie pia hiyo familia itakula nini. Ila ndagaa anakua haraka, si kama beluga. Ukimpa muda kidogo tu, anarudi.

Kama kwenu kuna mzee aliyekuwa mvuvi, awe wa Uvira, Rumonge au Kalemie, muulizeni: zamani mlijuaje wakati wa kupumzisha ziwa? Andikeni jibu lake hapa chini. Ujuzi huo nao ulivuka mpaka pamoja nasi.