Mwenye Nyumba ya Wageni: Miaka 60 ya Hospitali ya Wasso

Ukiugua Digodigo usiku wa manane, watu hawaanzi kuuliza ugonjwa. Wanauliza usafiri. Kwa miaka mingi jibu lilikuwa machela: vijana wanne wamebeba, wengine wanne nyuma wa kupokezana, mgonjwa kafunikwa shuka, njia ya mawe kuelekea Sale, kisha Wasso, kwenye hospitali ya Kanisa Katoliki. Hospitali hiyo ilitimiza miaka 60 mwaka 2024. Naisimulia kutokea upande huu, vijijini kwa kabila la Batemi, wilayani Ngorongoro, kwa sababu anayeijua vizuri huduma ya maskini ni yule anayeifikia kwa taabu.

Aliyeianzisha mwaka 1964 ni Herbert Watschinger, Mwaustria, padre na daktari. Jimbo la Arusha lilikuwa na mwaka mmoja tu tangu liundwe, chini ya Askofu Dennis Durning wa Shirika la Roho Mtakatifu, na kutoka Arusha mjini hadi Loliondo, ilipo Wasso, ni karibu kilomita 400. Mama aliyekwama kujifungua asingeweza kuisubiri safari hiyo. Kujenga hospitali huko, mahali ambapo hakukuwa na Wakristo wengi wa kuijaza, kulihitaji imani isiyohesabu waumini kwanza.

Na wapo waliohesabu. Mwaka 1966 Padre Vincent Donovan, Mmarekani wa shirika lilelile, alimwandikia askofu wake kutoka Loliondo: misheni ina shule nzuri na hospitali nzuri, lakini hakuna anayezungumza na Wamaasai habari za Mungu. Akaziacha shughuli za misheni, akaenda kwenye maboma kuzungumza na wazee, na baadaye akafika kwa Batemi pia. Naiheshimu barua ile. Hata hivyo naamini hospitali ilikuwa inazungumza tayari. Msamaria wa Injili ya Luka hakumhubiria majeruhi neno hata moja. Alimimina mafuta na divai, akafunga vidonda.

Lakini tunamsahau mtu wa pili wa mfano ule. Msamaria alilala usiku mmoja akaondoka. Aliyebaki na mgonjwa ni mwenye nyumba ya wageni, mkononi dinari mbili na ahadi ya kulipwa zaidi. Ndiye aliyebadilisha kitambaa cha kidonda kesho yake na kesho kutwa. Wasso ndiyo nyumba hiyo. Wafadhili wa Austria walitoa dinari zao. Baadaye hospitali ikawa Hospitali Teule ya Wilaya ya Ngorongoro, kanisa na serikali wakibeba mzigo pamoja. Lakini anayemgeuza mgonjwa kitandani saa tisa usiku ni muuguzi wa zamu, na miaka hii 60 ni yake kabla ya kuwa ya mtu mwingine.

Kuna jambo ambalo mgeni hawezi kuliona haraka. Wasso ni nchi ya Wamaasai, na kati yao na Batemi kumekuwa na ugomvi wa ardhi na mifugo uliomwaga damu zaidi ya mara moja. Mgonjwa wa Batemi anayebebwa kwenda Wasso anapita kwa watu ambao pengine mwezi uliopita walikuwa adui zake. Wodini vitanda havigawanywi kwa kabila.

Mwaka 2011 msafara uligeuka. Watu kwa maelfu walikuja Samunge, jirani na Digodigo, kunywa kikombe cha dawa ya Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile wa Kanisa la Kilutheri kwa shilingi 500, waziri na mchunga mbuzi bei moja. Usawa ule uliwagusa watu, na ulistahili kuwagusa. Lakini dawa ile haikuthibitika kuponya, na wapo walioacha vidonge vyao, wapo waliofia kwenye foleni. Julai 2021 mchungaji mwenyewe alipozidiwa alipelekwa Kituo cha Afya Digodigo, na hapo akafariki.

Jeraha jingine halijapona. Juni 2022, vigingi vya mpaka wa hifadhi ya kilomita za mraba 1,500 vilipowekwa Loliondo, wafugaji walijeruhiwa kwa risasi na askari mmoja akauawa. Baadhi ya majeruhi walivuka kwenda kutibiwa Kenya. Majeruhi wa namna hiyo alitakiwa kuwa na fomu ya PF3 kutoka polisi, na anayemkimbia polisi hakuweza kwenda kuiomba. Hapo wema wa daktari haukutosha, kwa sababu karatasi ilimtangulia mgonjwa mlangoni. Kanisa lililojenga nyumba ya wageni lina wajibu wa kuisemea njia inayofika kwenye nyumba hiyo, tena kwa sauti.

Siku hizi kuna lami ya kilomita 49 kati ya Wasso na njiapanda ya Sale, na mjamzito wa Digodigo anaweza kufika akiwa amekaa. Ndugu zake huja na sufuria, unga na ndoo, kwa kuwa mgonjwa hupikiwa na watu wake. Jioni moto huwaka mafigani, na asiye na chumvi humwomba wa mafiga ya jirani, kwa Kiswahili, maana lugha za nyumbani hazifanani.