Kushangaa si Kusita: Funzo la Kitenzi "Boggle"

Muhula uliopita mwanafunzi wangu mmoja alitafsiri kifungu cha ripoti ya Kiingereza kuhusu maofisa waliotakiwa kufunga daraja bovu. Ripoti ilieleza mwitikio wao kwa kitenzi "boggle". Mwanafunzi alifungua kamusi, akachukua maana ya kwanza aliyokutana nayo, akaandika: "Maofisa walishangaa." Mwandishi wa ripoti alikusudia kusema kwamba walisita. Kwa kosa la neno moja, watu waliojua hatari na kuchelewa kuchukua hatua wakageuka watazamaji wasio na hatia.

Mkanganyiko huo una historia. Kitenzi hiki kilianza kuonekana katika maandishi ya Kiingereza mwishoni mwa karne ya 16, na kilitumika hasa kwa farasi: anatembea vizuri, ghafla anagutuka, anarudi nyuma na kukataa kusonga. Wanaisimu wengi wanakihusisha na "bogle", neno la Uskoti na kaskazini ya Uingereza lenye maana ya zimwi. Iliaminika kwamba farasi anayegutuka pasipo sababu ameona kitu ambacho mpandaji hakioni.

Kutoka kwa farasi, neno likahamia kwa binadamu. William Shakespeare alilitumia katika tamthilia ya All's Well That Ends Well, pale mfalme anapomhoji kijana Bertram kuhusu pete na kumwona akibabaika katika majibu yake. Katika Antony and Cleopatra, Antony anamrushia Cleopatra nomino iliyotokana na kitenzi hichohicho, akimlaumu kwa kutokuwa na msimamo. Kwa hiyo, zamani neno hili liliweza kuwa shutuma. Maana ya akili kuzidiwa na mshangao, ambayo ndiyo inayosikika zaidi leo, ilienea sana katika karne ya 20. Ipo pia maana ya tatu: kuboronga kazi.

Kiingereza, basi, kimeziweka hali hizi chini ya paa moja. Kiswahili kimezitenga. Tunavyo vitenzi kushangaa, kuduwaa na kupigwa na butwaa kwa upande mmoja. Na kusita na kujivuta kwa upande mwingine. Mpaka huo si pambo la lugha. Anayeshangaa amekutana na jambo asilolitarajia. Anayesita analo jambo mbele yake, na uamuzi unamsubiri yeye. Wa kwanza tunaweza kumwonea huruma. Wa pili tuna haki ya kumuuliza maswali.

Sisemi kwamba kila kusita ni kosa. Farasi aliyegoma kuvuka huenda ameokoa maisha ya mpandaji, na mtumishi wa umma anayesita kutia saini mkataba wenye utata anastahili pongezi. Lakini naye pia hutendewa haki pale tu tunapotumia neno sahihi, kwa kuwa aliyeduwaa hawezi kusifiwa kwa busara.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kiongozi akitangaza kwamba "ameshangazwa" na maafa, usiishie kwenye neno lake. Uliza taarifa ya kwanza ilimfikia lini. Ikiwa ilimfikia kabla ya maafa, Kiswahili kinacho kitenzi kingine cha kuandika.